Wakuu naombeni ushauri: naambiwa nichomelee bomba la dizeli huku mzigo unapita

Kijana wa Chuma:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, cheti cha 6G cha kuchomelea mabomba ninacho, kazi zangu nyingi zimekuwa mabomba ya maji na matenki. Sasa kuna kampuni imenichukua kibarua, wamepata tenda ya kurekebisha bomba la dizeli la inchi 8, la zamani sana, limeliwa na kutu kwa nje upande wa chini ila bado halijavuja. Mwenye bomba hataki kusimamisha mzigo, kwa hiyo tunatakiwa kulivalisha slivu, vile vipande viwili vya nusu duara, na kuchomelea dizeli ikiwa inapita humo humo. Supavaiza anasema weka moto mdogo tu, dizeli si petroli. Vijiti vya kuchomelea alivyoleta ni aina ya 6010, boksi lenyewe lishafunguliwa. Nimeuliza karatasi ya utaratibu wa welding nikajibiwa tutaiandika kazi ikiisha. Hela ni nzuri na nina watoto ila roho inasita kabisa. Aliyewahi kufanya hii kazi anisaidie, naogopa kuua watu.

Mwana_Kigamboni:
Mkuu mbona simpo, wabane wafunge valvu mzigo utulie kabisa, usipotembea hamna hatari. Afu punguza ampea piga mistari myembamba umalize mapema.

Babu Flanji:
Mwana_Kigamboni kaka yangu hapo naomba nikupinge, maana akifuata hivyo ataumia. Hizi kazi nimezifanya Oman. Dizeli inayotembea ndani ndiyo inayopoza ukuta wa bomba. Ni kama sufuria jikoni, ikiwa na maji haiungui, ikikauka inaungua mara moja. Ukisimamisha mzigo joto linabaki pale pale, chuma kinalainika kwa ndani, presha inakisukuma, kinatoboka mbele ya uso wako na kinachotoka ni mafuta ya moto yanayokutana na cheche. Na kibaya kuliko vyote ni bomba lililomwagwa nusu, likabaki na mvuke uliochanganyika na hewa, hapo huna bomba tena una bomu. Kwa mafuta ya maji maji kima cha chini cha mwendo tulichokuwa tunafuata ni mita 0.4 kwa sekunde, na lazima bomba liwe limejaa mpaka juu.

Kijana wa Chuma, swali langu kwako ni moja tu, ukuta wa hilo bomba una unene gani leo? Sio ulioandikwa kwenye mchoro, wa leo.

Kijana wa Chuma:
Mzee wangu shikamoo. Mchoro unasema milimita 6.4. Leo sijui, hamna aliyepima.

Babu Flanji:
Marahaba mwanangu. Basi hakuna kazi mpaka lipimwe. Wanasafisha rangi na lami yote mpaka chuma king'ae, wanachora vimraba kwa chaki kuzunguka bomba, jamaa wa altrasoni anapaka jeli anaweka kichwa cha kipimo kila mraba na namba inaandikwa pale pale juu ya bomba. Uone kwa macho yako 6.1, 5.9, ghafla 3.8. Kwa kijiti cha haidrojeni ndogo (kama 7018) na moto wa kawaida, ukuta wa 6.4 kwenda juu hautoboki kirahisi, chini ya hapo ni lazima injinia apige hesabu joto la ndani litafika wapi. Na slivu iwe ndefu kuvuka sehemu iliyoliwa, zile ncha mbili unazozungushia welding zikae kwenye chuma kizima. Pale pale wapime pia kama chuma hakijachanika katikati kama maandazi, lamination wanaiita mainjinia, ikiwepo hapo hapachomwi.

Msomi wa Metali:
Babu kasema vizuri hatari ya kutoboka, mimi niongezee ya pili ambayo haionekani siku ya kazi. Mzigo unaopita unanyonya joto kwa kasi, weld inapoa haraka mno, chuma pembeni yake kinakuwa kigumu na kikavu. Mabomba ya zamani yana kaboni nyingi ndo kabisaa. Ugumu ukivuka 350 kwa kipimo cha Vickers, ukaongeza haidrojeni iliyotoka kwenye kijiti, na ile hali ya slivu kulivuta bomba wakati inapoa, unapata ufa chini ya mshono. Unaweza kutokea saa nyingi baadaye, nyie mshakunja vyombo mko nyumbani. Ndo maana ukaguzi wa mwisho unasubiri, kampuni nyingi wanaacha siku 1 hadi 3 ndo wanapima tena.

Na hapo 6010 ni tatizo, kile ni kijiti cha selulosi, kinatoa haidrojeni nyingi mno, tena ndo kinachochimba kwenda ndani. Mahesabu ya kutoboka yanakubali ukuta wa ndani ufike karibu nyuzi 980 ukitumia haidrojeni ndogo, kwa selulosi ni 760 tu. Achana nacho, tumia 7018 ya kipenyo kidogo.

Mwana_Kigamboni:
Sasa nauliza kwa nia njema, moto mwingi unatoboa, moto mdogo unapasua, huyu fundi achome vipi?

Msomi wa Metali:
Umeuliza swali lenyewe. Ndo maana "weka moto mdogo tu" ya supavaiza sio jibu, na ndo maana karatasi haiwezi kuandikwa baada ya kazi. Kipo kiwango cha API 1104, kanuni za Marekani za kuchomelea mabomba, mwishoni kina kiambatanisho kizima cha kuchomelea bomba likiwa kazini. Utaratibu unajaribiwa kwanza kwenye kipande cha bomba ambacho maji yanapitishwa ndani, kisha welding inakatwa na kupimwa ugumu, na wewe fundi unafanyia mtihani pale pale. Cheti chako cha 6G hakitoshi kwa hili, sio kwamba hujui kazi, ni bomba lile hupoa tofauti na bomba kavu.

Saiti kuna jaribio lingine zuri, unapasha duara la sentimita 5 kwa tochi mpaka lipite nyuzi 300, unatoa moto, unahesabu sekunde kutoka 250 kushuka 100. Ikishuka haraka sana ujue mzigo unanyonya joto vikali na injinia achague moto kulingana na hilo.

Mbinu ya mkono ni kupaka tabaka la kwanza la mistari juu ya bomba lenyewe, kisha la pili lilainishe lile la kwanza kwa joto lake. Mishono mirefu ya slivu inaanza, chini yake unaweka utepe wa chuma ili usichome bomba. Halafu unazungusha ncha moja mpaka iishe, ndo uende nyingine. Usiruhusu mafundi wawili wafunge ncha zote kwa pamoja, slivu inakosa pa kupumulia.

Dada Kibali:
Kaka mimi nipo usalama kazini. Hata hiyo welding ikiwa kamilifu, shimo mnalochimba kulifikia bomba lenyewe linaua. Mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa, unatuama chini miguuni pako, kwa hiyo kipimo cha gesi kishushwe mpaka chini na kibaki kinasoma muda wote, kikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha mvuke kuweza kulipuka watu wote juu. Shimo liwe na njia mbili za kutokea, lisifunikwe na turubai. Mtu wa chumba cha kuendesha bomba awe na redio na nyie, asibadilishe mwendo wala presha bila kuwaambia. Presha wengi wanaishusha mpaka asilimia 80 ya ile iliyokuwepo tatizo lilipoonekana. Kibali cha kazi ya moto kisainiwe siku hiyo hiyo, na mlinzi wa moto abaki angalau saa moja baada ya kuzima mashine.

Shemeji_254:
Huku kwetu Kenya, Sheria ya Usalama Kazini ya 2007 kifungu cha 14 inakutaka uripoti hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha pale kabla hajarekebisha. Ripoti kwa maandishi bana, meseji ya WhatsApp pia ni maandishi. Na asikudanganye mtu juu ya mafuta, Sinai hapo Nairobi tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwa bomba ikaingia mtaro, watu zaidi ya 100 wakafa. Haikuwa welding, lakini hao wote walikuwa majirani tu.

Babu Flanji:
Na kitu cha kwanza ningemuuliza injinia, kama halivuji na kutu ni ya nje, kwa nini tuchome bomba kabisa? Kuna slivu ambayo vipande vinachomelewa vyenyewe kwa vyenyewe tu, ncha hazigusi bomba, inabana kama mkanda. Kuna na bandeji za nyuzi na gundi hazitaki moto hata kidogo. Mara nyingi ubishi wote unaishia hapo.

Kijana wa Chuma:
Wakuu Mungu awabariki. Nimemwandikia bosi mwenyewe nikamrukia supavaiza, nimeomba vipimo vya unene, karatasi ya utaratibu, na nimemuulizia hiyo slivu isiyogusa bomba. Amekasirika lakini kazi imesimama mpaka injinia wa mwenye bomba aje. Ikibidi kuchoma, 7018 nazitunzaje saiti hamna oveni?

Babu Flanji:
Waambie walete oveni ndogo ya kubeba, ikae nyuzi 120 kwenda juu, boksi lifunguliwe mbele yako. Toa vijiti vichache vichache, kikikaa nje zaidi ya masaa manne hakigusi bomba. Na klampu ya ethi (ile ya kurudisha umeme kwenye mashine) ibane karibu na unapochoma, usianzishie cheche kwenye mwili wa bomba, anzia ndani ya mshono.