Boti ya mpira ya Daudi: gumzo la kikundi cha ukoo

*Jumamosi jioni*

Daudi: Mbukwenyi wana ukoo. Mjomba Salehe, Shangazi, shikamooni. Naomba mnisaidie mawazo kabla sijatoa hela. Mimi na Mama Tumaini tumekubaliana Desemba hii, watoto wakifunga shule, tuanze kutembea pwani kwa chombo chetu wenyewe. Tuvuke kisiwani, tulale kwenye hema, kesho yake turudi. Nataka boti ya mpira, ya kujaza upepo, maana sisi tunakaa Ipagala, Dodoma, na si Kunduchi kwenye pwani ya Dar.

Daudi: Nimeona tatu. Ya kwanza ni ya bei poa kabisa, inakuja na makasia yake na pampu ya mguu. Ya pili ni ya mita 3.3, PVC, sakafu yake nayo ni ya kujaza upepo, inafungwa mashine. Ya tatu imetumika, mita 4.5, tyubu za mpira lakini tumbo la faiba, ina trela. Hii ya tatu ndiyo imenikaa moyoni.

Rehema: Kaka hongera! Sisi wa bara na bahari wapi na wapi, lakini watoto watafurahi mno 😍

Shangazi Mlowa: Marahaba wanangu. Kwanza niambieni, hao watoto wanajua kuogelea?

Mama Tumaini: Shikamoo Shangazi. Tumaini anajua, mdogo wake anajifunza bado.

Yona: Bro chukua ya faiba. Inakata mawimbi vizuri, hizo za kukunja zinarukaruka.

Mjomba Salehe Pangani: Marahaba Daudi. Nimetoka msikitini sasa hivi, nimesoma zote. Nakujibu moja moja.

Mjomba Salehe Pangani: Ya kwanza iache dukani. Ile ni ya bwawa la kuogelea. Ngozi yake ni plastiki nyembamba, ikigusa chaza au jiwe la matumbawe imekwisha. Na kubwa kuliko hilo ni upepo. Boti ya mpira haizami kwenye maji, inakaa juu, kwa hiyo upepo unaishika kama tanga. Asubuhi huku kuna umande unaovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Mtu anajiona anasogea vizuri, kumbe anasukumwa nje, na makasia yale madogo hayamrudishi. Usiweke mtoto humo, hata kama maji ni ya magotini.

Mjomba Salehe Pangani: Ya tatu ni boti nzuri, Yona hajakosea. Tumbo la faiba linakata wimbi na halitoboki ovyo. Lakini nikuulize, Daudi: maji yakikupwa utaifanyaje?

Daudi: Kivipi Mjomba?

Mjomba Salehe Pangani: Huku kwetu siku za bamvua, maji yanapokuwa makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 3. Ufukwe wenyewe hauna mteremko. Unatoka asubuhi boti inaelea mbele ya hema, unarudi mchana bahari imekwenda mbali, imeacha mchanga na mawe matupu. Boti ya mita 4.5 yenye faiba na mashine yake haibebwi na wewe na mkeo. Mtakaa hapo mpaka maji yarudi, na yakirudi ni karibu saa 6 baadaye, giza limeingia. Wavuvi wetu wana vijana wa kusukuma. Wewe una Mama Tumaini na watoto wawili.

Mjomba Salehe Pangani: Kwa hiyo usianze na urefu wala bei, anza na uzito. Chombo chako cha kwanza kiwe kile ambacho nyinyi wawili mnaweza kukinyanyua, mkakibeba juu ya mchanga bila kukiburuta. Kuburuta ndiko kunakoua boti za mpira, zinachanika chini kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Ya mita 3.3 yenye sakafu ya upepo huwa kwenye kilo 40 hivi. Ukichukua sakafu ya alumini inapita 60. Mashine unaivua, mnabeba peke yake.

Mama Tumaini: Hapo Mjomba umenigusa. Mimi ndiye nitakayeshika upande wa pili.

Yona: Sasa sakafu ya upepo si itatoboka? Watu watatu wamesimama, na nanga humo humo.

Mjomba Salehe Pangani: Swali zuri. Ile si kama godoro la kulalia. Ndani ina nyuzi nyingi zinazoshika ngozi ya juu na ya chini, ndiyo maana inajazwa kwa presha kubwa, karibu 0.7 bar, wakati tyubu za pembeni ni kama 0.25 tu. Ikijaa inakuwa ngumu, unasimama bila wasiwasi. Adui yake ni mchanga na kokoto zinazoingia katikati ya sakafu na tyubu, zinasaga taratibu. Kila jioni inua sakafu, suuza. Nanga iwe ya kukunja na uiweke ndani ya ndoo.

Daudi: Na hili suala la PVC? Kuna mtu kaniambia nisinunue PVC kabisa, nitafute Hypalon.

Mjomba Salehe Pangani: Hypalon inavumilia jua na petroli kuliko PVC, hilo kweli, na bei yake utaisikia. Kiwanda cha jina lile kilishaacha kuitengeneza, siku hizi utaona wameandika CSM, ni mpira wa aina ileile. Ukiwa na boti inayoshinda juani mwaka mzima, nunua hiyo. Wewe boti yako itakunjwa na kulala ndani ya nyumba. PVC inakutosha, ila kwa sharti moja: maungio yawe yamechomelewa kwa joto, yasiwe ya gundi. Joto letu linalegeza gundi. Boti inakuwa mpya machoni, kumbe maungio yanaachia moja baada ya jingine. Muulize muuzaji, na akikosa jibu mwambie akupigie picha za maungio kwa karibu.

Rehema: Jamani kumbe ni elimu kubwa hivi.

Mjomba Salehe Pangani: Angalia pia vyumba vya upepo. Tyubu zigawanywe vyumba visivyopungua vitatu, kila kimoja na valvu yake. Kimoja kikitoboka vingine vinakurudisha nyumbani.

*Jumapili*

Daudi: Habari za asubuhi. Nimelala nikiwaza. Ile ya faiba nimeiacha. Si maji tu, nimefikiria pia kuvuta trela kilomita 450 mpaka Dar, kupanda na kushuka, halafu huku nyumbani niilaze wapi.

Yona: Je, tukiijaza upepo huku Dodoma kabisa, tukaipakia juu ya kenta ikiwa tayari? Tukifika ni kuisukuma majini tu.

Mjomba Salehe Pangani: Hapana Yona. Dodoma mko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hewa ya huko ni nyepesi. Ukiijaza huko geji ikasoma 0.25, ukiifikisha Pangani utaikuta imelegea, maana hewa ya huku nje ni nzito na inaibana. Utadhani imetoboka. Jaza palepale ufukweni, kwa geji na si kwa kupiga ngumi. Na ukiiweka majini ipime tena, maji yanapoza hewa ya ndani na presha inashuka. Kinyume chake, ukiitoa majini ukaiacha juani saa saba mchana, hewa inatanuka. Punguza kidogo, au ivutie kivulini.

Rehema: Nilitaka kusema mkaijaribu Mtera kwanza, ni karibu na nyumbani.

Shangazi Mlowa: Mtera!! Rehema mwanangu, pale kuna viboko na mamba. Msithubutu na boti ya mpira. Nimekataa.

Mjomba Salehe Pangani: Shangazi yuko sahihi. Jaribio la kwanza ni uani kwako. Jaza, pitisha sifongo yenye povu la sabuni kwenye maungio na valvu zote, uangalie kama kuna mapovu yanayokua. Iache usiku kucha. Alfajiri ikilegea kidogo ni baridi tu, jua likitoka inarudi. Ila tyubu moja ikilala na nyingine zimesimama, hapo kuna tundu.

Daudi: Nimeelewa. Mashine je? Watu wengi wananisukumia ya 4-stroke, wanasema haili mafuta.

Mjomba Salehe Pangani: Wanasema kweli, inakula kidogo na haipigi kelele. Lakini ni nzito, na tumekubaliana uzito ndio unatuongoza. Yamaha ya 2-stroke ya farasi 15 ina kilo 36 hivi. Ya 4-stroke ya farasi haohao inafika karibu 50. Na hiyo ya 2-stroke, kuanzia Moa mpaka Mtwara, huwezi kukosa fundi anayeijua wala duka lenye plagi zake. Ukikwama Ushongo, kijiji cha huku Pangani, jioni, hilo ni kubwa kuliko akiba ya petroli. Uchanganye oili 1 kwa 50: tanki la lita 25, oili nusu lita. Nunua ya shafti fupi, hiyo boti haitaki ndefu. Na kamba nyekundu ya kuzimia uifunge mkononi kila unapowasha, kila mara. Ukitupwa nje mashine inazima yenyewe, haikuzungukii na pangaboi ikiwa inazunguka.

Mama Tumaini: Hiyo ya kamba nitaisimamia mwenyewe 🙏🏽

Yona: Mizigo tuipandishe SGR, boti kwenye begi, mashine kwenye boksi.

Mjomba Salehe Pangani: Petroli na mashine yenye mafuta ndani usipande nayo treni. Nina wazo bora. Mashine ibaki kwangu Pangani, mimi nitaisafisha kwa maji baridi ya bomba kila ikitoka chumvini. Boti ilale Dodoma, hali ya huko ni kavu, haitapata ukungu. Ila isuuzeni, ikauke kabisa kabla ya kukunja, na msiiweke chini stoo. Panya wa Dodoma nawajua.

Shangazi Mlowa: Sasa mnakwenda kisiwa gani? Na mtu akipata shida huko nani anajua?

Daudi: Mimi nilitaka Maziwe, Shangazi. Nimeona picha, mchanga mweupe tupu katikati ya bahari.

Mjomba Salehe Pangani: Maziwe ni pa kushinda, si pa kulala. Kile kisiwa kilikuwa na miti zamani, mivinje mirefu, kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi. Miti imekwisha, mchanga umeliwa, na siku hizi bamvua ikijaa kinafunikwa chote. Mayai ya kasa yanahamishiwa ufukweni Ushongo ili yasioze kwa maji ya chumvi. Ukifunga hema pale usiku wa mwezi mpevu, maji yatakufuata mpaka kwenye godoro. Inaniuma kila nikipita, maana tulikuwa tunapumzika chini ya kivuli pale. Watoto wapelekeni wakaone, lakini mchana, na mimi niwe mbele na mashua yangu. Ni mbali kwa mtu anayeanza.

Mjomba Salehe Pangani: Safari yenu ya kwanza iwe Mbudya, kutoka Kunduchi. Si mbali, boti za abiria zinapita mchana kutwa, mtu anakuona. Ni eneo tengefu la bahari, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, na kabla ya kulala zungumzeni na ofisi ya hifadhi, wao ndio wanatoa ruhusa. Moto msiwashe ovyo, matumbawe msiyakanyage, nanga ishushwe mchangani. Na boti yenyewe Daudi waulize TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, habari za ukaguzi na usajili mapema, usisubiri mkuu wa ufukwe akuulize.

Shangazi Mlowa: Na majaketi.

Mama Tumaini: Shangazi, ya watoto nitanunua kwa kilo zao, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima linamvuka mtoto kichwani.

Shangazi Mlowa: Ubarikiwe.

Mjomba Salehe Pangani: Desemba mwanzoni upepo wa kaskazi ndio unaanza, si mbaya. Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukisimama, msije na boti hii. Tokeni alfajiri, muwe mmefika kabla upepo wa mchana haujaamka. Mafuta gawanya mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu usiliguse. Na chagueni siku za maji mafu, maji hayaendi mbali, hambebi sana. Usiku boti ivutwe juu ya mstari wa mwani mkavu, ifungwe kwenye mti.

*Jumatatu*

Daudi: [picha] Muuzaji katuma. Kibati cha nyuma hicho, na hapa maungio.

Mjomba Salehe Pangani: Ngoja nivae miwani.

Mjomba Salehe Pangani: Maungio safi, yamechomelewa, naona mstari wa joto. Kibati kinasema watu 5, na mashine mwisho 11 kW, ambayo ndiyo farasi 15. Usizidishe. Lakini hao watu 5 ni bila mizigo ya kulala. Nyinyi 4, hema, lita 20 za maji, tanki la mafuta, inatosha. Yona apande boti ya abiria.

Yona: Sawa Mjomba 😅

Mjomba Salehe Pangani: Mwombe picha nyingine, ile namba ndefu upande wa kulia wa mbao ya nyuma. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Nataka tujue imekaa stoo muda gani. Na akuoneshe chini, kama mkuku una ukanda wa ziada. Kama hauna, uwekwe kabla haijagusa maji.

Daudi: Namwandikia sasa hivi.

Mama Tumaini: Mimi nimeshapima Noah. Tukilaza siti ya nyuma begi linaingia, na watoto wanakaa.