Ulinganisho: kupaka upya, kutandika juu au kubomoa? Viwanja vya umma vya tenisi na pikoboli

Kiwanja_Wazi
Wakuu, mji una viwanja vinne vya tenisi vya umma vilivyopangwa pamoja. Lami imezeeka, nyufa zinatoka uzio hadi uzio, nyingine zinameza sarafu iliyosimamishwa. Pembe mbili zinatuamisha maji. Tenisi lazima ibaki, na pikoboli (mchezo wa raketi bapa na mpira wa plastiki wenye matundu, kwenye uwanja mdogo kuliko wa tenisi) ipate nafasi. Mezani kuna njia tatu: (1) kuziba nyufa, kupaka akriliki (rangi ya viwanja) na kuongeza mistari ya pikoboli, (2) kutandika lami mpya juu ya ya zamani, (3) kubomoa na kujenga upya, kwa lami au kwa zege. Ipi ina faida ya kweli?

Fundi_Lami
Ya kwanza iondoeni. Akriliki ni ngozi ya milimita moja au mbili, haibebi chochote. Ufa uliopenya lami yote hupanuka kwa baridi na kujibana kwa joto, kwa hiyo kijazio hung'oka ukingoni mapema sana. Kupaka upya ni kazi ya uwanja ambao chini yake ni mzima. Huo ndio unaopakwa tena kila baada ya miaka 4 hadi 8.

Ya pili ina mtego. Ufa wa chini hupanda. Makadirio ya mafundi ni kama sentimita 2.5 kwa mwaka, hivyo tabaka la sentimita 4 halina maisha marefu. Ukilazimika, tandaza kwanza vumbi la kokoto, sentimita 2.5 hadi 5, ulishindilie, ndipo lami ije juu yake. Hapo lami mpya huteleza badala ya kuvutwa na ya zamani. Kumbuka lakini kwamba uwanja wote unapanda, na milango, uzio na nguzo za wavu lazima vipande nao.

Pima_Maji
Msichague chochote kabla ya kutoboa sampuli. Kila uwanja angalau tatu: penye ufa, panapotuama maji, na pazima. Pimeni unene wa lami, unene wa kokoto, kisha mtazame udongo. Ukiwa mfinyanzi unaovimba, kosa liko chini kabisa na hakuna rangi itakayolificha.

Mteremko uwe wa bapa moja, karibu asilimia 1, na uelekee upande mmoja. Kwa upana wa mita 18.29 ni tofauti ya sentimita 18 hivi. Mgongo chini ya wavu haufai kamwe. Kipimo cha kupokea kazi kiandikwe kwenye mkataba: mwaga maji uwanja mzima, acha saa moja kwenye joto la nyuzi 21, na dimbwi lolote lenye kina kinachozidi milimita 1.6 lirekebishwe kabla ya rangi. Baada ya rangi mtabishana bure. Upande wa juu wa mteremko chimbeni mfereji wa kuzuia maji ya nje yasiingie chini ya kokoto. Mara nyingi hayo ndiyo yanayoua kiwanja.

Mistari_Myeupe
Naongeza upande wa mpangilio. Tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97, na pamoja na nafasi ya kukimbilia ni 36.57 kwa 18.29. Pikoboli ni 13.41 kwa 6.10, na eneo dogo kabisa linalokubalika ni 18.29 kwa 9.14. Kwa hiyo vinne vinaingia ndani ya kimoja cha tenisi bila kubaki hata sentimita. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani hakuna njia ya kupita wala uzio wa kutenganisha, na mipira inaingia miguuni mwa jirani. Eneo zuri ni 19.51 kwa 10.36, na vinne hapo havitoshi bila kusogeza uzio wa nje.

Kuchanganya mistari kuna tatizo la wavu pia. Wa tenisi una sentimita 91.4 katikati na 107 nguzoni. Wa pikoboli 86.4 na 91.4. Kukaza mkanda wa katikati hakushushi pembeni. Na ukitaka viwili au vinne kwenye uwanja mmoja wa tenisi, unahitaji nyavu za kubebeka, ambazo lazima mtu azihifadhi na kuzipanga kila siku.

Zege_Imara
Udongo ukiwa mbaya, mimi naunga mkono zege lenye nyaya za chuma zinazokazwa baada ya kumwagwa. Bamba la sentimita 12 hadi 13 hukaa limebanwa, kwa hiyo halihitaji viungo vya kukata vinavyogeuka nyufa. Chini yake weka karatasi ya plastiki ili bamba liteleze linaposinyaa. Sharti moja kubwa: mashimo ya nguzo zote, za tenisi na za pikoboli, pamoja na mabomba ya nyaya za taa, yawekwe kabla ya kumwaga. Baadaye hutoboi, ukikata waya uliokazwa unahatarisha maisha na unaharibu bamba. Subiri siku 28, na usinyunyizie dawa ya kukomaza zege, maana akriliki haitashika.

Fundi_Lami
Sikatai, ila udongo ukiwa mzuri lami bado inatosha kwa gharama ndogo. Sageni lami ya zamani papo hapo, ichanganywe na kokoto zake, ishindiliwe iwe msingi mpya. Juu yake matabaka mawili ya lami, la chini sentimita 4, la juu 2.5 hadi 4. Rangi isubiri siku 14 hadi 30. Mkiharakisha, mafuta ya lami yanaizuia kushika.

Mistari_Myeupe
Kelele msizisahau. Mlio wa pikoboli uko karibu na hezi 1,000 hadi 1,200, sauti kali inayosikika mbali. Kitambaa cha kuzuia upepo hakizuii sauti. Kinachozuia ni ukuta mzito usio na pengo hata chini. Pikoboli ipangwe kwenye uwanja ulio mbali zaidi na nyumba, na hilo liamuliwe kabla ya kuchimba misingi ya nguzo.