MJADALA: Mshahara wa askari upitie kwa kamanda, au umfikie mwenyewe moja kwa moja?

Karani wa Zamu
Wakuu, naleta hoja mezani. Kuna majeshi duniani ambayo bado yanalipa hivi: makao makuu yanatoa fungu la kikosi kulingana na orodha ya majina, kamanda au ofisa mlipaji wake analipokea, anagawa, kisha anarudisha karatasi zenye saini na alama za dole gumba. Yaani mtu yuleyule anathibitisha kwamba askari wapo, anapokea fedha yao, na anatoa ushahidi kwamba wamelipwa. Kazi tatu, mkono mmoja.

Msimamo wangu ni kwamba kamanda aondolewe kabisa kwenye fedha. Abaki na amri, nidhamu na mafunzo. Iraki tumeona. Novemba 2014 waziri mkuu Haider al-Abadi aliliambia bunge kwamba wamekuta askari hewa 50,000, majina yanayolipwa bila mtu kuwa kazini, tena katika divisheni nne tu. Juni ya mwaka huohuo mji wa Mosul ulikuwa umeshaanguka mikononi mwa wapiganaji wa Dola ya Kiislamu. Karibuni, tujadili kwa hoja.

Mzee wa Gwaride
Ndugu Karani, umeandika kama vile kila kamanda ni mwizi, na hilo ni tusi kwa watu wanaolala kwenye matope na askari wao. Benki haijui nani amefariki jana, nani yuko wodini, nani yuko mahabusu. Kamanda anajua. Halafu askari yuko lindo la mbele, benki iko mwendo wa siku mbili. Akienda kuchukua mshahara, siku nne hayupo. Wakienda thelathini kwa pamoja, lindo unamwachia nani?

Na tusitishane. Uingereza iliuza vyeo hadharani, kwa bei iliyopangwa na serikali, mpaka 1871, na jeshi hilohilo ndilo lililompiga Napoleon pale Waterloo. Rushwa peke yake haiui jeshi.

Hesabu Safi
Mzee, hakuna aliyesema wote ni wezi. Lakini mfumo usiomhakiki mtu unamweka hata mwaminifu pabaya, maana fedha ikipungua hana cha kujitetea nacho.

Turudi kwenye askari hewa, maana si aina moja, na hapa ndipo uhakiki mwingi unapofeli. Wa kwanza ni marehemu. Amekufa, taarifa ya kifo imekaliwa, mshahara unaendelea kutoka, na mjane hapati mafao kwa sababu kwenye karatasi mumewe bado yuko lindoni. Wa pili ni mtoro ambaye utoro wake haukuripotiwa. Wa tatu hajawahi kuzaliwa, jina na namba yake ya jeshi vimetungwa ofisi ya utumishi. Wa nne ndiye mgumu kuliko wote: yu hai, ana kitambulisho, vidole vyake vinasoma kwenye mashine, ila yuko kwake anaendesha biashara na nusu ya mshahara anamwachia mkubwa wake. Wairaki wanawaita fadhaiyin, wanaanga. Mashine ya vidole itakunasia watatu wa kwanza. Huyu wa nne atakuja siku ya usajili, ataweka kidole, ataondoka.

Kumpata inabidi usome vitabu ambavyo mpigaji hakumbuki kuvichezea. Chukua kombania ya watu 120 kwenye karatasi. Rasheni utakuta zimechukuliwa 120, maana nazo zinauzwa. Lakini fungua daftari la zahanati, la likizo, la zamu za lindo, la adhabu, la risasi za mazoezi. Utaona majina yaleyale 97 yanazunguka. Jina ambalo mwaka mzima halijaugua, halijaomba ruhusa, halijalinda usiku na halijaadhibiwa, anza na hilo.

Nanga
Mimi nimekwama hapo kwenye Waterloo. Mzee wa Gwaride, usitumie historia nusu. Jioni ile Wellington, jemadari wa Waingereza, aliokolewa na jemadari Blücher na Waprusi wake, Wajerumani wa dola ya Prussia. Na hao Waprusi tangu Agosti 1808 walikuwa wamefuta upendeleo wa ukoo kwenye vyeo: wakati wa amani ofisa apatikane kwa elimu na maarifa, wakati wa vita kwa ushujaa na uwezo wa kuona mambo. Kwa hiyo mfano wako unakurudi mwenyewe.

Mzee wa Gwaride
Wellington mwenyewe alinunua ngazi mpaka luteni kanali mwaka 1793. Bila mfumo huo asingekuwa na kikosi akiwa na miaka 24. Jibu hilo kwanza, ya Blücher tutayazungumza baadaye.

Nanga
Mnunuzi mmoja aligeuka jemadari, na wewe unautetea mnada mzima? Basi mhesabu na Cardigan, lodi wa Kiingereza. Bei rasmi ya luteni kanali wa askari wa farasi ilikuwa pauni 6,175, yeye akalipa mara kadhaa ya hiyo kupata kikosi mwaka 1836, huku maofisa waliopigana India miaka mingi wakimsalimia. Oktoba 25, 1854, pale Balaclava kwenye vita vya Crimea, ndiye aliyeongoza kikosi chepesi cha farasi kwenye mdomo wa mizinga ya Warusi.

Dira
Nanga, kuwa mkweli. Amri ya Balaclava ilitoka juu, kwa Raglan, mkuu wa jeshi la Waingereza kule, ikapita kwa Lucan, mkuu wa askari wa farasi. Cardigan aliitii. Mlaumu kwa mengine.

Lakini Mzee naye anaficha jambo. Vyeo vya mizinga na vya uhandisi havikuuzwa, wala vya majini. Kwa nini? Kwa sababu asiyejua hesabu za mzinga anaua watu wake mwenyewe, na asiyejua bahari anazamisha meli. Waingereza wenyewe walijua mahali ambapo hawawezi kuuza. Na palipouzwa, cheo kilikuwa pia dhamana na pensheni: ukistaafu unauza, ukifukuzwa kwa fedheha unapoteza fedha yote. Ndiyo maana kufuta mauzo hayo ilibidi serikali iwalipe fidia maofisa. Ile ilikuwa biashara ya wazi, ina bei na ina risiti. Ya siku hizi inafanyika gizani, na anayenunua hana cha kuuza akistaafu. Anarudishaje fedha yake?

Karani wa Zamu
Wakuu, nawaomba. Hoja ilikuwa mshahara kupitia kwa kamanda. Tumefika Balaclava.

Dira
Karani, hatujatoka kwenye hoja. Aliyenunua cheo ana deni, na deni hilo linalipwa na waliopo chini yake: mishahara hewa, rasheni, mafuta, ada za likizo na za uhamisho. Uchina walilifikia jambo hili kwenye ngazi ya juu kabisa. Xu Caihou, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Tume Kuu ya Kijeshi, alifukuzwa Chama cha Kikomunisti 2014 kwa kupokea rushwa ili kupandisha watu vyeo, akafa Machi 2015 kabla ya kesi kusikilizwa. Mwenzake Guo Boxiong, naye makamu mwenyekiti, alifungwa maisha Julai 2016. Ukiziba mshahara ukaacha vyeo vinauzwa, mnunuzi atatafuta tundu lingine.

Sauti ya Lindo
Dira amesema kweli, na mnajua mkono mtupu haulambwi. Lakini bodi ya vyeo, ile inayoamua nani apandishwe, inaweza kubanwa, tena kwa mambo madogo. Nafasi zilizo wazi zitangazwe na idadi yake kabla bodi haijakaa. Wajumbe wasiopungua watano, wawili watoke tawi jingine la jeshi, na wateuliwe siku chache kabla, maana bodi inayojulikana mwaka mzima inatembelewa mwaka mzima. Majalada yaingie kwa namba bila majina. Kila mjumbe aandike alama zake na kutia saini KABLA ya mazungumzo kuanza. Hapo ndipo penye ugonjwa: mwenyekiti akisema jina kwanza, wanne waliobaki wanaandika anachotaka. Tofauti ya alama ikizidi kiwango kilichowekwa, mjumbe aeleze kwa maandishi. Aliyekosa apewe alama zake na siku za kukata rufaa.

Bado kuna mlango wa nyuma, taarifa ya siri ya mwaka ambayo kamanda anaandika kuhusu ofisa wake. Ukimharibia mtu taarifa mbili mfululizo, bodi safi kabisa itamwangusha bila kuhongwa hata senti. Kwa hiyo asome, atie saini, aandike pingamizi, na pingamizi lisafiri na jalada.

Mzee wa Gwaride
Askari asome na kupinga anachoandika mkubwa wake! Kesho atapinga amri ya kushambulia. Nyie mnajenga chama cha wafanyakazi, si jeshi.

Nanga
Kila anayetaka kulinda ulaji anakimbilia neno nidhamu.

Mzee wa Gwaride
Usinipachike maneno. Sijatetea ulaji popote hapa. Nimeuliza nani atabaki lindoni, mpaka sasa hajajibu hata mmoja.

Dira
Mzee, kuhusu kupinga: Ujerumani waliingiza kwenye katiba yao mwaka 1956, ibara ya 45b, kamishna wa bunge kwa ajili ya majeshi. Askari yeyote anamwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mkuu wake, na jeshi lao halijageuka chama cha wafanyakazi. Ubaya ni pale sheria inaposema malalamiko lazima yapitie ngazi. Ngazi ya kwanza ndiyo iliyokula mshahara. Barua inasomwa na mlalamikiwa, na wiki inayofuata mlalamikaji anapata uhamisho kwenda lindo gumu kuliko yote. Uhamisho ndio silaha yenyewe, kwa sababu hauhitaji kosa. Weka sharti: aliyelalamika asihamishwe miezi 12 bila kibali cha nje ya kikosi, isipokuwa ameomba mwenyewe.

Na kabla hamjasema hongo ni ya jeshini ndani tu, Ukraini Agosti 2023 rais Zelensky aliwaondoa wakuu WOTE wa vituo vya uandikishaji vya mikoa, katikati ya vita, kwa sababu ya rushwa za kukwepesha watu kuandikishwa. Hapo rushwa inaanza kabla mtu hajavaa sare.

Hesabu Safi
Nijibu la lindo, maana Mzee anadai haki yake na swali lake ni zuri kuliko majibu aliyopewa.

Fedha ya simu. Mwaka 2009 polisi wa Afghanistan katika mkoa wa Wardak walijaribiwa kulipwa kwa M-Paisa ya kampuni ya simu ya Roshan, mdogo wake M-Pesa ya Kenya. Kuna waliodhani wameongezewa mshahara. Haikuwa nyongeza, ni mara ya kwanza walikuwa wanaupata mzima. Na takriban kumi katika mia ya majina hayakuwa na mtu.

Kuhusu kutenganisha amri na fedha, Kongo ya Kinshasa waliungwa mkono na ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, tangu 2005: ngazi ya amri kivyake, ngazi ya malipo kivyake, kila askari na kitambulisho chenye alama zake.

Mzee wa Gwaride
Na hukohuko Wardak kamanda mmoja alikusanya laini za simu za askari wake ili achukue yeye. Malizia hadithi.

Hesabu Safi
Namalizia. Ndiyo, inatokea, na inatokea kwa kadi za benki vilevile: karani wa kombania anabeba kadi hamsini na namba za siri kwenye kijikaratasi, anasema anawasaidia wasisafiri. Dalili inaonekana kwenye mashine ya kutolea fedha. Miamala hamsini, mashine moja, inafuatana dakika mbili mbili, kila mmoja unakomba akaunti mpaka sifuri. Askari halisi hatoi fedha hivyo. Anatoa kidogo, anaacha kidogo, anatuma nyumbani. Kwa simu ni hivyohivyo: namba ishirini zinapokea mshahara na ndani ya saa moja zote zinatuma kwa namba ileile. Mkaguzi akipewa taarifa hizo kila mwezi, hahitaji hata kwenda kikosini.

Akienda, aende vizuri. Vikosi vinaazimana watu siku ya ukaguzi. Leo wako hapa, kesho wamepanda lori wako kwa jirani. Timu tatu ziingie kambi tatu alfajiri moja. Malango yafungwe, asitoke mtu wala gari. Kila aliyehesabiwa achovye kidole kwenye wino usiotoka siku mbili, kama wa uchaguzi. Anayeita majina asitoke kikosi hicho. Na asiite jina tu: aulize namba ya jeshi, jina la mama, na nani amelala kitanda cha pembeni. Aliyeazimwa hajui jirani yake wa kitanda.

Sauti ya Lindo
Hilo la kitanda nimelichukua.

Karani wa Zamu
Basi Mzee, unakubali fedha itoke kwa kamanda?

Mzee wa Gwaride
Nakubali asiishike. Sikubali asiulizwe. Orodha ya nani yupo lazima bado itoke kwake, na kama orodha inatoka kwake, hamjamwondoa popote. Marehemu wa Hesabu Safi ataendelea kulipwa kwenye simu yake.

Hesabu Safi
Kwa hiyo kifo kisiripotiwe na mtu mmoja. Daktari wa kikosi ajaze fomu nakala tatu: moja kwa kamanda, moja iende utumishi makao makuu bila kupitia kwa kamanda, moja kwa familia. Familia ikipeleka nakala yake, malipo yanasimama siku hiyohiyo na jalada la mafao linafunguliwa. Mjane ana sababu ya kuharakisha kuliko ofisa yeyote.

Mzee wa Gwaride
Na kule mbele ambako hakuna daktari?