Gauni la zamani, Sikukuu karibu: mikono, shingo au zipu tu?

binti_mlandege
Asalaam aleikum jamani. Nna gauni la krepu lilishonwa kwa harusi ya dadangu miaka sita nyuma, kitambaa bado kizuri hakijapauka hata kidogo ila kwapani pameshika jasho, zipu ya mgongoni inakwama na ile shingo ya mraba mie nshaichoka. Fundi mmoja anataka tufumue lote tushone upya, naona hasara. Pesa yangu inatosha kitu kimoja, nianze na kipi?

mama_wawili
Waaleikum salaam mwanangu. Mikono. Doa la jasho la miaka sita halitoki kwa sabuni, na ukivaa jipya lote na kwapa lile lile watu wanaona kwapa. Fumua, tia mikono ya lesi, ukitaka stara weka bitana mpaka kwenye kiwiko. Kama doa limeingia hadi ubavuni fundi atakuchimbia kwapa kidogo, kidogo tu, maana kwapa likishuka basi ukinyanyua mkono gauni zima linapanda nawe.

fundi_chake
Mama kasema kweli ila dada usinunue zipu kabla hujaijaribu. Sugua mshumaa kwenye meno, vuta juu chini mara kadhaa. Ikifunga halafu ikaachia nyuma, hapo kichwa kimelegea, wengine hukibana kwa koleo kikatumika tena. Kama ni ya chuma na imekula kutu, huku kwetu hewa ya bahari haina huruma, toa utie ya nailoni. Shingo mie ningeiacha mwisho kabisa, kwa sababu unaweza kuikata iwe duara au ya V lakini ukishakata huirudishi juu ila kwa kuunga kipande, na kiungo kifuani kinaonekana.

kanga_za_bibi
Mbona hakuna anaesema kanga? Mie dera langu nimelitia mikono ya pindo la kanga, kila nikilivaa naulizwa.

fundi_chake
Kwa dera la pamba sawa, linapendeza sana. Lakini krepu yake kama ni polista hairudi ikifuliwa, kanga ni pamba hurudi, kwa hiyo lazima aifue kwanza ikauke apige pasi ndo ikatwe, si hivyo mshono utajikunja wiki ya pili.

wa_wete
Na wanaume je? Shati langu la kazini kola ilichakaa pale shingoni, fundi akaifumua akaigeuza upande wa chini ukaja juu akashona pale pale. Sikununua kitambaa wala nini. Shati la mwaka wa tatu sasa hivi.

binti_mlandege
Ahsanteni mno. Nimelitazama dirishani, doa lipo mkononi tu, ubavu safi. Zipu nimeisugua mshumaa inakwenda. Basi ni mikono, shingo ikae. Kesho naenda Darajani kutafuta lesi.

mama_wawili
Chukua kipande cha upindo wa ndani uende nacho, na ukishapata lesi muombe muuza dukani utoke nayo nje uilinganishe juani. Mie nshawahi kununua buluu chini ya taa, nikafika nyumbani nna zambarau.