Tupeane uzoefu: gari la zamani linalia "kwii kwii" na hakuna anayejua ni wapi

Mkaazi wa Kimara

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi wenye magari ya miaka ya 90. Wenye magari mapya kaeni pembeni msome, zamu yenu inakuja.

Langu ni gari dogo, saluni ya 1998. Lilianza kulia mbele kushoto, au ndivyo masikio yalivyoniambia. Nikipanda tuta, kwii. Nikishuka, kwii. Asubuhi kukiwa na umande kimya kabisa, jua likipanda linaanza. Mke wangu alishaacha kuongea tukiingia mtaa wetu, maana matuta ni mengi na hatusikilizani.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Shokapu hizo." Zikabadilishwa za mbele zote mbili, kelele ikabaki. Wa pili akasema bol-jointi, vile viungo vya tairi za mbele. Zikabadilishwa, kelele ikabaki, ila usukani ukawa mtamu kidogo.

Aliyeipata ni mzee mmoja mitaa ya Gerezani, na hakushika spana. Aliniambia nikandamize gari pembeni, juu ya taa, niachie, nikandamize tena. Yeye akapitisha mkono nyuma ya tairi akawa anashika kimoja kimoja: springi, linki, mkono wa chini. Upande wa kushoto hakuna kitu. Tukahamia kulia. Akafika kwenye ile raba inayobana mchuma wa stabilaiza (unaozuia gari kulala kwenye kona) kwenye fremu, akatulia. "Shika hapa." Nikashika. Mtetemo unaingia kwenye vidole waziwazi, huhitaji hata sikio. Akamwagia maji ya chupa kidogo, kelele ikakata hapohapo. Raba ilikuwa imekauka na tundu limepanuka, chuma kinajisugua ndani. Ndiyo maana umande ulikuwa unainyamazisha. Na kumbe sauti inasafiri kwenye chuma, ndiyo ikawa inanifikia kama ya kushoto.

Raba mbili hazifiki hata robo ya bei ya shokapu moja.

Haya, na wewe: lilikuwa linalia wapi, na uligunduaje? Tuwekee mbinu, kulalamikia mafundi tu hakutusaidii.

Dereva wa Nyanda

Mkuu, mimi natembeza pikapu huku Njombe, mbao na viazi. Yangu ilikuwa "chi-chi-chi" inayofuata mwendo. Ukienda taratibu unaihesabu, ukiongeza mwendo inakuwa mluzi. Watu wote wakasema beringi ya habu, ile ya katikati ya tairi. Nikajiuliza swali moja: nikiweka gari nyutro likiwa linateleza, inaendelea? Inaendelea. Basi injini tumeitoa kwenye kesi. Nikigeuza usukani kushoto na kulia inabadilika? Haibadiliki. Beringi ya habu mara nyingi hubadilika uzito ukihamia upande mmoja, kwa hiyo nikaanza kuishuku propela, ule mchuma mrefu unaopeleka nguvu tairi za nyuma.

Nikaweka kuni kwenye matairi lisitembee, nikaingia chini. Kwenye krosi ya nyuma, yaani kiungo cha propela, pembeni ya vile vikofia vyake, kulikuwa na unga mwekundu wa kutu. Hiyo ni alama kwamba ndani grisi imekwisha na sindano za beringi zinasagika. Yenye nipo (kitundu cha kuingizia grisi) unaipiga grisi mpaka ya zamani itoke. Yangu haikuwa na nipo, ikabidi krosi mpya. Msidharau mluzi huu. Krosi ikikatika ukiwa na mzigo, propela inapiga chini ya gari na hapo hauongelei tena kelele.

Bi Chuma

Tanga hapa. Yangu ni fupi. Natoka shamba, barabara ya kokoto, nikaingia lami gari likaanza kupiga yowe mpaka watu wa kituoni wakageuka. Nikarudi nyuma mita chache, yowe likaisha. Nikaenda mbele, likarudi. Kijiwe kilikuwa kimekwama kati ya diski na kile kibati cha kuzuia vumbi nyuma yake. Kijana wa kubadilisha tairi alikunja kibati kidogo kwa bisibisi, kijiwe kikadondoka, akakinyoosha tena. Sikulipa kitu, nilimnunulia soda.

Kwa hiyo dada zangu, kelele ikianza ghafla baada ya barabara ya vumbi, kabla hujauziwa diski, rudi nyuma kwanza.

Fundi Asiyesema

Nasoma tu nacheka. Bi Chuma umetoa shule.

Niongezee ya injini, maana hiyo ndiyo inawaliza wengi asubuhi. Gari likiwa limesimama, injini inawaka na inalia, shuku mkanda wa feni na vinavyozungushwa nao. Chukua chupa ya kunyunyizia maji, nyunyiza kidogo upande wa mkanda wenye mistari. Kelele ikipotea sekunde chache kisha ikarudi, mara nyingi puli, yale magurudumu ya mkanda, hazijakaa mstari mmoja au mkanda umechoka. Ikizidi kuwa kubwa, mkanda unateleza: umelegea au tenshena, kile kinachoukaza, imekufa. Maji yasipobadilisha chochote, nenda kwenye beringi za puli, za alteneta, za pampu ya maji. Hapo tumia bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma kisichozunguka, mpini kwenye sikio. Beringi mbovu utaisikia inakoroma. Funga mikono ya shati, vua tai, nywele ndefu zifungwe. Mkanda hauna huruma.

Ukitaka uhakika, toa mkanda, washa injini sekunde chache tu, uzime. Kelele ikikosekana basi iko kwenye hivyo vitu. Usiache injini iungurume bila mkanda, magari mengi pampu ya maji inazungushwa na huohuo.

Na zile dawa za kupuliza mkanda ili unyamaze, mimi sizipendi. Zinaficha tu.

Mvita wa Kale

Mimi niko Mombasa, na kisa changu ni cha kuaibisha mafundi watatu wa mtaa. Gari lililia upande wa abiria, likipita kwenye mashimo tu. Likainuliwa, likashushwa, bushi, zile raba za kwenye viungo, zikakaguliwa zote. Siku moja nimempakia mamangu kiti cha mbele nampeleka Likoni kwa dadake. Njia nzima, kimya! Tulipomteremsha, kelele hiyo imerudi. Nikampakia tena, kimya. Mamangu akaniuliza kama nimeanza wazimu.

Kumbe ni kiti chenyewe. Kikiwa kitupu, fremu inacheza juu ya reli yake na kulia kama kitanda cha kamba. Kikikaliwa, uzito unakibana. Nati ya nyuma ilikuwa imelegea, nikaikaza, nikatia grisi kwenye reli, mambo yakaisha. Tangu hapo mtu akiniambia gari lake linalia, kwanza namwambia atoe vitu vyote kwenye buti, jeki ifungwe vizuri, mkanda wa kiti ufungwe usining'inie, kisha tuzunguke. Mengi huishia hapo.

Kijana wa Mabibo

Wakuu kwani si unamwagia tu oili chafu kwenye bushi zote unamaliza? Mimi nafanya hivyo kila mwezi, gari kimya.

Fundi Asiyesema

Mdogo wangu, ndiyo maana unafanya kila mwezi. Oili ya petroli inaivimbisha raba na kuilainisha, baadaye inachanika. Kama lazima upake, tafuta grisi ya silikoni. Au maji ya sabuni kwa ajili ya kupima tu, si tiba.

Jingine ambalo wengi hawalijui: bushi mpya za mkono wa chini zisikazwe gari likiwa juu ya jeki huku tairi zinaning'inia. Zile raba zimegandishwa kwenye vyuma vyake, hazizunguki, zinajinyonga. Ukizikaza zikiwa zimening'inia, gari likishuka zinabaki zimenyongwa muda wote na zinachanika mapema. Shika nati kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Fundi wako akiwa na haraka, mwambie taratibu.

Yupo Muscat

Huku joto ndilo linalotuliza, nikimaanisha kutufanya tulie. Raba za milango na plastiki za dashibodi zinakauka zote. Kelele yangu ilikuwa inakata nikibonyeza nguzo ya mlango kwa kiwiko. Nikapaka silikoni kwenye raba ya mlango, basi.

Mama Watoto wa Pugu

Naomba msaada. Langu linalia nikiendesha, nikigusa breki kidogo linanyamaza, nikiachia linalia tena. Linaweza kusubiri mwisho wa mwezi?

Fundi Asiyesema

Hapana mama. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kigonge diski pedi ikikaribia kuisha. Ukigusa breki kinabanwa kinatulia. Toa tairi utazame unene wa pedi wiki hii. Ukichelewa, chuma kitakula diski, na hapo utanunua vyote viwili. Inaweza pia kuwa kijiwe cha Bi Chuma, lakini ukishatoa tairi utajua.

Mama Watoto wa Pugu

Asante sana. Kesho.

Kijana wa Mabibo

Nimetoka kukandamiza langu kama alivyosema mleta uzi. Ni nyuma kulia, nimeshika raba inayotetemeka kabisa. Sasa dukani naiitaje?

Muuza Spea

Kijana, niko kaunta Shauri Moyo, nakujibu mimi. Usije na jina, kila fundi ana lake. Njoo na namba ya chasisi, na kama unaweza kuitoa, lete hiyo raba yenyewe. Za stabilaiza zinatofautiana unene wa mchuma kwa milimita chache tu, na hizo milimita ndizo zinazolia. Jumapili tumefunga.