Mada: Ukumbi wa Simba na Yanga – chumba kimoja au viwili?

Kutoka: Katibu, Houston

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Watani wanakutana tena mwezi ujao, saa 11 jioni ya nyumbani, ambayo kwetu hapa ni saa 3 asubuhi. Nimeongea na wenye ukumbi ule tuliofanyia arobaini ya marehemu mzee wetu. Wana chumba kikubwa na kidogo. Kuna watu wamenipigia wakitaka Simba wakae kimoja na Yanga kingine, kila upande na skrini yake, kwa sababu ya yale maneno ya mara ya mwisho. Vyumba viwili ni kodi mara mbili na projekta mbili. Naomba maoni kabla ya Ijumaa, natakiwa kuweka amana.

La pili ni mkataba. Mnakumbuka Machi 8, 2025: tumeshalipa, pilau imeshaiva, tunasikia mechi imeahirishwa kwa sababu Simba jana yake usiku walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakasema hawachezi. Ukumbi wa siku ile haukurudisha hata senti. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Jumatano, watu wako kazini. Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa, na wengi wetu tuliangalia kwa kujificha na simu chooni. Safari hii nimewaomba waandike kabisa kwamba mechi ikiahirishwa, amana inahamia tarehe nyingine. Wamekubali kwa mdomo. Nasubiri karatasi.

Kutoka: Shangazi wa Jangwani

Chumba kimoja. Nikishinda nimtazame nani usoni, ukuta?

Kutoka: Mama wawili, Sugar Land

Mimi ndiye niliyempigia katibu, wala sijifichi. Si kwamba sipendi utani, nimezaliwa Kariakoo mimi. Ila mara ya mwisho utani ulitoka kwenye mpira ukaingia kwenye ndoa za watu na makaratasi ya uhamiaji ya watu, na watoto wamekaa pale mbele wanasikiliza. Mwanangu aliniuliza kwenye gari, "Mama, kwani baba yake fulani hana makaratasi?" Nimjibu nini? Kama hatuwezi kutaniana bila kufika huko, basi heri ukuta uwepo.

Kutoka: Mzee wa Magomeni

Wanangu, marahaba.

Mama wawili ana haki, na nitarudi kwake. Lakini mimi ni Simba, tena wa tangu utoto, na chumba cha Simba watupu sikitaki.

Mwaka 1979 nilikuwa shule ya msingi, tunaishi Magomeni Mapipa kwenye nyumba ya kupanga. Simba ilikuwa imefungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena hapo hapo Dar, uwanja wa Taifa wa zamani ambao sasa ni Uhuru, Shamba la Bibi. Marudiano ni Lusaka. Redio ya maana pale nyumbani ilikuwa moja, ya baba mwenye nyumba, na baba mwenye nyumba alikuwa Yanga wa kufa. Kutwa anatuimbia nne, nne. Akimwona mama anachota maji anamwuliza kama ndoo ni nne. Siku ya mechi akaitoa redio mwenyewe barazani. Betri alizianika juani tangu asubuhi zipate nguvu, akafungua sauti hadi mwisho ili mtaa wote usikie tunavyomaliziwa.

Ikawa 5-0. Simba! Thuwein Ally matatu, George Kulagwa mawili. Lilipoingia la tatu mzee akaanza kulalamika kwamba betri zinakwisha, bora azime, zibaki za taarifa ya habari. Mama yangu, ambaye hajui hata timu ina watu wangapi, akafungua pindo la khanga, akanituma dukani: "Kanunue betri, haraka." Nilikimbia miguu peku. Zikawekwa na mzee akalazimika kusikiliza mpaka filimbi ya mwisho, kwa sababu sasa betri si zake, na kuondoka kwenye baraza yake mwenyewe angeonekana amekimbia.

Nimeona mechi nyingi baada ya hapo. Hakuna iliyonipa raha ile, na nusu yake ilikuwa ni sura ya baba mwenye nyumba. Tungekuwa Simba watupu pale barazani tungeshangilia, tukala, tukalala.

Naye alikuja kunilipa. Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan. Kule kwao tulitoka 0-0, kwa hiyo Dar ilishavaa nyekundu kabla ya mpira kuanza, Rais Mwinyi yuko jukwaani, kombe liko mezani linang'aa. Boli Zozo akatufunga mawili. Nilirudi kwa miguu, Chang'ombe, Kariakoo, na kwenda Magomeni lazima ukatize bonde la Jangwani, kwao Yanga. Nilipita nimeshika shati langu jekundu kwapani. Nafika nyumbani, mzee yuko barazani, kiti cha pili kimeshawekwa. Hakucheka. Akanimiminia kahawa, akanisogezea kashata, ndipo akauliza, "Enhe, hebu nipe habari za Abidjan."

Mzee yule alipofariki, mimi ndiye niliyelipia bendera ya Yanga tuliyoifunga kwenye gari la msafara. Nilikuwa huku, nilituma hela. Sasa Mama wawili, hoja yako: yule mzee alinitania mpaka nikalia, lakini hakuwahi hata siku moja kutaja kwamba tulikuwa tunadaiwa kodi. Na tulikuwa tunadaiwa. Mtu wa kutaja makaratasi ya mwenzie atolewe nje, awe Simba awe Yanga, na mimi nitakuwa wa kwanza kumshika mkono. Hilo halihitaji ukuta.

Kutoka: Shangazi wa Jangwani

Kaka, kwa heshima ya mzee wako leo nitasema kwa upole. Ila umeanzia 1979 makusudi. Anzia 1974.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, Tabora, Mungu amrehemu. Yanga na Simba wanakutana Nyamagana, Mwanza. Simba wanaongoza kwa goli la Adam Sabu mpaka watu wa Simba wameanza kutoka uwanjani wakiimba. Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache kabisa, na kwenye muda wa nyongeza Sunday Manara akamaliza kazi. 2-1. Baba alirudi Tabora hana sauti, mama akadhani ni kifua. Sisi watoto tuliisikia ile mechi mara nyingi kuliko hadithi za sungura, na kila mwaka Sembuli alikuwa anapiga kutoka mbali zaidi. Mwisho alikuwa anapigia Bwiru.

Na Sunday Manara huyo huyo, Kompyuta, ndiye aliyekwenda kucheza Uholanzi, Heracles, miaka ileile ya sabini, kabla wengi wenu hamjajua pasi ya kusafiria ina rangi gani. Kwa hiyo hata hii ughaibuni tuliwatangulia.

Kutoka: Mzee wa Magomeni

Dada yangu, 1977 sijaigusa kwa sababu kuna watoto humu. Tuliwafunga sita, Kibadeni peke yake matatu. Nimeinyamazia kwa wema tu.

Kutoka: Shangazi wa Jangwani

Na mimi 1968 nimeinyamazia, tuliwafunga tano, bado Simba mnaitwa Sunderland.

Kutoka: Dereva wa Katy

Wakubwa mkimaliza kuchimba makaburi, naomba tuongee saa. Mechi za mwezi wa 11 na wa 3 ndizo zinazotuua. Nyumbani saa haibadiliki, huku inabadilika, kwa hiyo tofauti yetu na Dar ni saa nane wakati wa joto na saa tisa wakati wa baridi.

Novemba 5, 2023 ilikuwa Jumapili ile ile ambayo usiku wake saa zilirudishwa nyuma. Kuna jamaa yetu mmoja wa Simba, simtaji, alipiga hesabu yake ya siku zote: saa 11 jioni ya Dar, toa nane, saa 3 asubuhi. Akaja kwangu saa 3 kamili, amevaa jezi, amebeba maandazi. Mpira ulikuwa umeanza saa 2. Anafungua mlango kipindi cha pili ndiyo kinaanza, ni 1-1, Musonda alishafunga na Kibu alishasawazisha. Akafurahi kweli kwamba hajakosa kitu! Akakaa mbele kabisa. Nzengeli la pili. Aziz Ki la tatu. Nzengeli tena. Pacome kwa penalti. 5-1. Yaani lile goli moja la timu yake ndilo alilolikosa, na yale manne yote aliyaona kwa macho yake, maandazi yako mapajani. Mpaka leo ukimwambia "saa zinabadilika wiki hii" anakata simu.

Katibu, kwenye tangazo andika saa ya Dar na ya Houston zote mbili, usiwaachie watu watoe wenyewe.

Kutoka: Mtu wa Ng'ambo, sasa Muscat

Assalaam aleikum jamaa.

Sisi huku tunakusomeni tu, ukumbi wenu hautuhusu, lakini la pande mbili tumeshalipitia. Hapa tuko saa moja mbele ya nyumbani, kwa hiyo mechi ya saa 11 huku ni saa 12 na inagongana na Magharibi. Tunaangalia kwenye majilisi ya mmoja wetu. Zamani Simba na Yanga waliswali zamu, hawa wanakwenda hawa wanabaki "kulinda televisheni", na kila aliyerudi anakuta wenziwe wamemficha matokeo au wamemdanganya. Siku moja walidanganywa watu wazima wakasujudu sijda ya shukuru kwa goli ambalo halikuwepo. Mwenye nyumba akakata shauri: sala inasaliwa pamoja, televisheni inazimwa, atakayekosa goli tumekosa sote. Tangu hapo hapana ugomvi.

Mimi ni Simba. Mei 2025 fainali na Berkane ililetwa kwetu Zanzibar, uwanja wa Amaan, hapo ninapopaona kwa macho yaliyofumbwa. Tulikuwa tumeshafungwa 2-0 Morocco. Mutale wetu alipofunga, majilisi zima lilisimama, na aliyepiga kelele kuliko wote ni Yanga mmoja wa Michenzani. Tukamtazama. Akasema, "Leo mpo kwetu, kesho nitawatukaneni." Ikamalizika 1-1, kombe likaenda zake, na kesho yake kweli akatutukana.

Kutoka: Mama wawili, Sugar Land

Nimesoma yote. Sawa, chumba kimoja, ila kwa sharti la mzee: makaratasi, ndoa na kazi za watu havitajwi, na atakayetaja anatoka. Watoto wakae na sisi, si chumba kidogo na tableti. Nataka wauone huo utani wenyewe.

Mambo mengine mawili. Mwenye akaunti ya Azam Max ya kuangalia mechi alipie na kuijaribu siku mbili kabla. Namba ya siri inakwenda kwenye laini ya Tanzania aliyonayo ndugu yake, na siku ya mechi ndugu yuko uwanja wa Mkapa, hasikii simu. Mara iliyopita tulikosa robo saa ya kwanza kwa hilo tu. Na simu zizimwe sauti jamani. Picha yetu inachelewa, ujumbe wa WhatsApp hauchelewi. Mtu anaruka juu mpira bado uko katikati ya uwanja. Ladha yote inakwisha.

Kutoka: Mzee wa Magomeni

Mwanangu, hiyo ya picha kuchelewa ni nafuu. Mwaka 2003 Simba iko Cairo na Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, mimi nipo hapa hapa Houston na kadi ya simu ya kukwangua. Ile kadi inakuahidi dakika nyingi, ukipiga ukazungumza kidogo tu imekwisha. Mdogo wangu Dar alikuwa ameegesha simu kwenye spika ya redio. Tunaongoza 1-0 ya nyumbani, wakatufunga moja, tukaenda penalti, na katikati ya penalti yule mwanamke wa kadi akaniambia kwa Kiingereza kizuri kwamba salio limekwisha. Nilitoka na kandambili mpaka kituo cha mafuta kununua nyingine. Niliporudi hewani nasikia mayowe, sijui ni furaha au msiba, hakuna anayejua kwamba nipo kwenye simu. Nimekaa nasikiliza watu wanalia mpaka mmoja akataja jina la Kaseja, kipa wetu, tena na tena. Hapo ndipo nilipojua tumevuka.

Kutoka: Katibu, Houston

Nashukuru wote. Basi ni chumba kikubwa, kimoja. Karatasi ya ukumbi imefika na kifungu cha kuahirishwa kimo, nimekisoma mara mbili.

Milango saa 2 asubuhi Houston, mpira saa 3 asubuhi Houston, yaani saa 11 jioni Dar. Dereva wa Katy, umeridhika? Tarehe hiyo saa zinakuwa bado hazijabadilika, nimehakikisha.

Intaneti ya ukumbi ni ya kubahatisha, kwa hiyo tunahitaji mtu mwenye waya mrefu wa kuunganisha kompyuta moja kwa moja. Vuvuzela haziruhusiwi kwa sababu za majirani, ngoma moja inaruhusiwa. Michango iingie kwa mweka hazina kabla ya Jumatano. Yanga wanaleta chai, vitumbua na chapati. Simba wanaleta supu, na tafadhali safari hii iwe na nyama.

Kutoka: Shangazi wa Jangwani

Waya ninao. Supu ya Simba nitakunywa nikiwa nimeshashiba.