JIBU: Binamu na tume ya uchunguzi Scotland

> Wapendwa, habari za jioni. Binamu yangu alilelewa kwenye kituo cha watoto hapa Scotland miaka ya 80. Anataka kuieleza tume yaliyompata, ila kuna mtu kamwambia bila kuwa mshiriki rasmi hatasikilizwa. Ni kweli? Na wakili nani anamlipa?

Dada, pole sana, na binamu umfikishie pole zangu.

Aliyemwambia hivyo kampotosha. Tume ya Lady Smith, ile inayochunguza unyanyasaji wa watoto waliolelewa vituoni Scotland, ilianza 2015 na inapokea maelezo ya manusura, hata ya waliopelekwa Australia wakiwa watoto. Awasiliane nao mwenyewe. Watamsikiliza faragha, wataandika maelezo yake, atayasoma na kurekebisha ndipo atie sahihi. Hahitaji wakili kwa hilo, na jina lake halitangazwi ila akitaka mwenyewe.

Ushiriki rasmi ni ngazi nyingine. Wanaoupata zaidi ni vyama vya manusura, mashirika yaliyoendesha vituo, polisi na serikali, na unaombwa kwa sehemu ile ya uchunguzi inayokuhusu. Ukikubaliwa, wakili wako anaona nyaraka mapema, anapendekeza maswali ya kuulizwa mashahidi, na anatoa hoja za kufunga. Tume yaweza kuagiza gharama zake zilipwe, lakini kibali kipatikane kabla hajaanza kazi. Nyaraka zenyewe ni siri; hata sisi ndugu hataruhusiwa kutusimulia. Kwa mtu anayetaka kwanza kuutua mzigo, hilo si dogo.

Na hadhi hiyo si pingu. Kule London, chama cha manusura wa Shirley Oaks, kituo cha watoto kilichoendeshwa na manispaa ya Lambeth, kilikuwa mshiriki rasmi wa tume ya Uingereza na Wales, kikajitoa 2016 kwa kukosa imani nayo. Uchunguzi wa Lambeth uliendelea, ripoti ikatoka Julai 2021: kati ya malalamiko ya watu 705 waliolelewa kwenye vituo vitatu, Shirley Oaks kikiwemo, ni mfanyakazi mmoja tu wa ngazi ya juu aliyechukuliwa hatua za nidhamu. Inauma kuisoma.

Fidia je?

Hiyo ni njia tofauti, si ya tume. Mpango wa Scotland ulifunguliwa Desemba 2021 kwa walionyanyaswa kabla ya Desemba 1, 2004, malipo ni pauni 10,000 hadi 100,000. Ushauri wa wakili unalipiwa na mpango wenyewe, na autumie kweli, kwa sababu akipokea atasaini kuacha haki ya kuishtaki serikali na mashirika yaliyochangia mpango huo. Asisaini chochote kabla ya kuonana naye.